Kunguru, Kindi na Punda wa Lamu

Kabla Kunguru hajafika, kazi yote ya kutwaa katika kile kisiwa ilikuwa ya Kindi. Mwenye njaa akitwaa mkate, Kindi ndiye aliyeitwa. Mfalme akitwaa nchi ya jirani, Kindi alitangulia mbele ya jeshi. Jina lake lilikuwa "niman". Ndugu zake walibaki ng'ambo ya bahari, Ujerumani na Uholanzi, na wajukuu zao wangali katika kazi ileile hadi leo kwa majina ya "nehmen" na "nemen". Kisiwa chenyewe ni Uingereza. Wahusika wa hekaya hii ni vitenzi, nami nimewavika manyoya, magamba na mbawa ili msomaji awaone wakitembea.

Kindi alikuwa na majirani wawili. Mbwa-mwitu, aliyeitwa "fon", alishughulika na kukamata kwa nguvu, meno yakiwa wazi. Kaa, jina lake "læccan", alibana kwa gando na hakuachia. Kila mwenye shida alijua mlango wa kubisha hodi.

Mwaka 793 mashua ndefu kutoka kaskazini zilifika Lindisfarne, watu wake wakaipora nyumba ya watawa. Walirudi tena na tena, na mwishowe wengine wao wakaacha kwenda zao: wakalima, wakaoa, wakafungua masoko. Juu ya mlingoti wa mashua mojawapo alitua Kunguru, ndege ambaye wababe hao walimtia hata kwenye bendera zao za vita. Huyu ni kunguru mkubwa, mweusi tii. Si yule wa shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akatapakaa Mombasa na Dar es Salaam. Jina lake lilikuwa "taka". Msomaji wa Kiswahili atashtuka, maana sikioni ni kitenzi chetu cha kutaka hasa. Hawana udugu wowote. Ni sadfa tu, ingawa kwa tabia ya ndege huyu sadfa hiyo imelenga.

Kunguru hakupigana na Kindi hata siku moja. Alikwenda kukaa sokoni. Mama mwenye kikapu kizito akipita, Kunguru alimwambia, "Lete mama, nikushikie." Asubuhi ya pili alimshikia mwingine mtoto, ya tatu akamshikia mzee fimbo. Kazi yake ya asili ilikuwa hiyo, kugusa na kushika, na aliifanya bila kulalamika. Katika nyumba nyingi baba alisema lugha ya mashuani na mama alisema lugha ya kisiwa, na lugha zenyewe zilikaribiana kiasi cha kuelewana. Watoto wakamwita aliyekuwa karibu. Kwa mlango huohuo kisiwa kilipokea hata neno la kuwataja watu wengine, "they", ambalo Waingereza hulitamka kutwa kucha bila kukumbuka kwamba lilishuka mashuani. Na nduguye Kunguru aliyeitwa "geta" akajipatia makao ya kudumu kwa jina la "get".

Kufikia mwisho wa karne ya 11 Kunguru alikuwa ameandikwa katika vitabu vya kisiwa, na jina lake lilikuwa njiani kuwa "take". Kindi hakufukuzwa. Aliitwa mara chache, kisha mara chache zaidi, mpaka akawa wa kuitwa usiku tu, na wezi. Nataka msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hakuna jambo linalonisikitisha katika historia ya lugha hii kuliko hili. Kitenzi kilichobeba wafalme, miaka mia tano baadaye, kilikuwa neno la mitaani la kuchomoa mfuko wa mtu. Shakespeare, katika tamthilia ya Henry V, ana askari mwizi aitwaye Nym, na askari huyo ananyongwa kwa wizi. Kindi aliacha watoto wawili kisiwani. Mmoja ni "nimble", mwepesi wa kunyakua. Wa pili ni "numb", aliyetwaliwa hisia zote akabaki na ganzi.

Majirani zake nao hawakupona. Mbwa-mwitu alitoweka kisiwani, yeye na kazi yake, likabaki jino lake, "fang". Kaa anafanya kazi mlangoni: ni komeo, "latch". Ukiingia nyumba ya Mwingereza na kusikia kidude cha chuma kikigonga, huyo ndiye.

Mwaka 1066 likaja kundi jingine kutoka kusini, kutoka Normandy, nalo halikukaa sokoni. Lilikaa ngomeni. Kipanga, kwa jina "seize", aliletwa mkononi mwa bwana, kofia ya ngozi kichwani na hati ya shamba kwenye kucha, kwa maana kazi yake ya kwanza ilikuwa ya sheria: kumkabidhi mtu milki ya ardhi. Wakaja mbwa wawili wa kuwinda waliozaliwa na mama mmoja wa Kilatini. Mmoja alilelewa Normandy, na mwenzake alilelewa upande wa Paris, ndiyo maana matamshi yao yalipishana. Yule wa Paris, "chase", anakimbiza hadi leo. Yule wa Normandy, "catch", alichoka kukimbiza, akaamua kushika. Na alipohitaji nguo ya kuvalia wakati uliopita akaazima ya Kaa, ndiyo sababu husemwa "caught". Batamaji, "receive", alikuja kwa mwendo wa madaha, akipokea vilivyoletwa na wengine. Baadaye sana, ndani ya kurasa za Kilatini, akatoka Buibui, "capture", na nyuzi zake.

Wote hawa walifika wakiwa na vyeo. Walitarajia kwamba Kunguru, ndege wa sokoni asiye na ukoo wa kifalme wala wa kanisani, angewapisha. Hakuwapisha. Kila jambo jipya lilipozuka kisiwani, watu walimwita yeye kwanza. Ikawa manung'uniko, kisha ikawa kesi.

Kesi ilipelekwa London, kwa Paka Hodge. Huyu alikuwapo kweli. Alikuwa paka wa Samuel Johnson, mtu aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755. Johnson alimpenda mno. Alitoka mwenyewe kwenda kumnunulia chaza, asije akawatuma watumishi wakachoshwa na safari hiyo na kumchukia mnyama. Sanamu yake ya shaba iko Gough Square, mbele ya nyumba ilipotungwa kamusi hiyo, na imekaa juu ya kamusi, magamba ya chaza pembeni. Kwa hiyo kiti cha hakimu kilikuwa chake kwa haki.

"Mheshimiwa," alianza Kipanga, "mshitakiwa ana kazi mia moja na thelathini na nne. Bwana wako mwenyewe amezihesabu na kuzipiga chapa."

Hodge aliifungua kamusi, akapitisha ukucha kwenye safu. Ilikuwa kweli: matumizi 134, ukurasa baada ya ukurasa. Kunguru anakula dawa, anaoga, anakaa kitini, anakwenda matembezini, anaapa, anashinda ngome, anaelewa mzaha, anaona haya. Buibui alilia kwa uchungu. "Mimi nimesoma, mheshimiwa. Nimetoka vitabuni. Nina kazi chache tu."

"Mnataka nini?" Hodge aliuliza.

"Aondoke. Kazi zake tunazijua. Sisi ni visawe vyake."

Hodge alilamba mguu, akafikiri. Kisha akatoa amri: Kunguru akae juu ya paa siku moja, na visawe vishike zamu.

Siku hiyo London haikusahaulika. Asubuhi tabibu mmoja alihitaji mgonjwa wake anywe dawa, akamtuma Kipanga. Mgonjwa aliinyakua chupa, akaikumbatia kifuani, akamtazama tabibu kwa hofu, na hakuonja hata tone. Mama aliyetaka mwanawe aoge alimwita Batamaji. Mtoto akasimama kando ya beseni, viganja wazi, akisubiri kuoga kuletwe. Mgeni wa heshima alikaribishwa kiti na Buibui, na mwenyeji alipogeuka alimkuta mgeni amekifunga kiti kwa kamba miguu yote minne. Mzee mmoja aliyezoea matembezi ya jioni alikabidhiwa yule mbwa wa Paris. Walimwona akivuka daraja mbio, hana pumzi, akifukuza matembezi yaliyokuwa yakimtangulia. Na bibi kizee aliyesimama njia panda, akingoja wa kumshika mkono avuke, alipata Kipanga. Ukelele wake ulisikika hadi mtoni.

Jioni wote walirudi mahakamani, vichwa chini. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kipanga alinyakua vizuri na Batamaji alipokea kwa adabu, lakini kila mmoja alikwenda na tabia yake, na tabia hiyo haikuachwa mlangoni. Kipanga ana haraka na ana haki ya kisheria. Batamaji hanyooshi shingo kudai. Buibui lazima awe na mateka. Wanaoitwa visawe hukutana mahali pamoja, wakasalimiana, kisha kila mmoja akaenda kwake. Hakuna wawili wanaolala nyumba moja.

"Sasa mlete Kunguru," Hodge alisema. "Kunguru, simama peke yako. Tuambie kazi yako ni ipi."

Kunguru alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. "Mheshimiwa, inategemea."

"Inategemea nini?"

Kabla hajajibu, ndege wadogo waliokuwa darini walianza kushuka. Ni ndege ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu, majina yao silabi moja au mbili tu. Mdogo aitwaye "off" alitua mgongoni kwa Kunguru, na mara hakimu akajikuta anavuliwa joho. (Zaidi ya miaka mia baadaye, ndege za abiria zilipobuniwa, huyuhuyu ndiye aliyezirusha.) "Off" alipopaa akatua "after", na mbwa wa Normandy akaanza kufanana na mama yake. Akatua "over", Kunguru akajikuta amekalia kiti cha hakimu. Akatua "up", Batamaji akaamua kuanzia siku hiyo kujifunza kupiga zeze. Kisha akatua "in", na hapo baraza lilinyamaza, kwa sababu ndege huyu mdogo alifanya mambo mawili kwa mpigo: mgeni asiye na makao alikaribishwa ndani, na palepale mwenyeji akalaghaiwa. Sentensi nzima tu ndiyo ingeweza kusema lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Hodge aliandika hukumu yake kwa ukucha. Kunguru hana kazi mia moja na thelathini na nne. Ana kazi moja, kwenda na aliyemwita, na huyo aliyemwita ndiye mwenye maana. Dawa ikimwita, maana ni ya dawa. Ndege mdogo akimtua mgongoni, maana ni ya wawili hao na haigawanyiki. Kwa hiyo kamusi haitamfukuza, ila itamwandikia kila safari na kila mwenzi, hata ikichukua kurasa tano. Nasi tunajua kwamba wenye kamusi waliomfuata Johnson waliishika hukumu hiyo bila kuchoka: mwaka 2011 wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipomaliza kumchunguza binamu yake, "run", walimhesabia maana 645.

Kwenye dirisha la mahakama alikuwapo Mbayuwayu. Baridi ilikuwa imekaribia na ndege wa aina yake wa Ulaya walikuwa wakijiandaa kushuka Afrika. Kesi ilikuwa ndefu na yeye alikuwa na safari. Akasikiliza mwanzo tu, akaandika mstari mmoja kwenye unyoya, "Take ni kuchukua", akaruka.

Alitua Lamu, gatini, kwenye mgongo wa Punda.

Punda jina lake ni Chukua, na Lamu nzima inamjua. Barabara za mji ni nyembamba mno kwa magari, kwa hiyo yeye ndiye hupeleka mchanga, mawe ya matumbawe na saruji hadi mlango wa mwenye nyumba. Zaidi ya mizigo ana kazi nyingine za heshima alizorithi kwa wazee. Mwanamke akichukua mimba, ni yeye. Kanzu ikimchukua mtu, ikamkaa vizuri mpaka majirani wakasifu, ni yeye. Na watu wanapovumiliana kwa kasoro zao, wanachukuliana. Hiyo ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote.

"Shikamoo, mzee Punda," alisema Mbayuwayu. "Nimekuletea kazi kutoka Uingereza."

"Marahaba, mwanangu. Weka."

Mbayuwayu akaweka mtihani. Akaweka picha, akaweka dawa, kuoga, kiti, kiapo, basi, muda. Punda hana desturi ya kukataa. Akatandaza miguu, akabeba. Siku chache tu, mji mzima ukaanza kusikika hivyo. Wanafunzi walisema wamechukua mtihani. Vijana pwani walichukua picha. Matangazo ya zahanati yalimtaka mgonjwa achukue dawa mara tatu kwa siku, na kuna mgonjwa aliyefuata maelekezo: alichukua dawa asubuhi, mchana na jioni, akazipanga dirishani zote, homa ikampanda.

Mzee Kobe alipita polepole, akamkuta Punda amepiga magoti. Kobe jina lake ni Twaa. Siku hizi huonekana zaidi kwenye mashairi na maandiko ya dini, lakini anakumbuka kila kitu.

"Nani amekubebesha haya?"

"Mbayuwayu, babu. Anasema huko kwao ni kazi ya mmoja."

"Huko kwao ni kazi ya mmoja aliyelelewa humo miaka elfu. Hapa kila moja ina mwenyewe. Waite."

Wakaitwa. Mbuzi, ambaye jina lake ni Kula, alikuwa wa kwanza, na alikuwa na hasira. "Kiapo ni changu. Watu wa hapa wanakula kiapo tangu babu zetu. Nakula kiapo, nakula njama, nakula hasara. Lini mmeniona nimeshiba?" Akakivuta kiapo kutoka mgongoni kwa Punda akaondoka nacho. Jogoo, ambaye jina lake ni Piga, alidai picha. Huyu ni Kunguru wetu wa nyumbani, anapiga hodi, pasi, deki, mswaki, simu na kura, na hakuna kamusi inayomwonea haya. Bata alikuja kwa ajili ya kuoga. Ngedere alikuja kulipanda basi. Dawa zilichukuliwa na wawili waliozoea kugawana, Meza na Kunywa. Kiti hakikuhitaji mbebaji, maana mgeni huambiwa "karibu kiti" akakaa.

Mtihani ukabaki chini. "Huu," alisema Kobe, "ni wa Fanya. Mwanafunzi aliyechukua mtihani, kwa Kiswahili, anatafutwa na polisi."

Mzigo mmoja Punda hakukubali kuutua. Ulikuwa muda. "Babu, huu nimeuzoea. Watu wanasema kazi inachukua muda, safari inachukua siku mbili. Hauniumizi." Kobe aliuzunguka mzigo huo mara kadhaa. Wazee walikuwa wakisema safari ni ya siku mbili, ikatosha. Lakini aliona kwamba muda umeshakaa mgongoni kwa Punda vizuri, na kuchukua hatua kumekaa karibu yake, naye akaviacha. Nakubaliana naye. Lugha inayokataa kila mgeni itakosa maneno, na wazungumzaji wamekwisha kuamua.

Yale mengine lakini hayajaamuliwa, na hapo ndipo nina ombi kwa wenzangu wa magazeti, redio na ofisi za tafsiri, na kwa walimu hasa. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, haikuishia kwenye neno moja ilipofika kwa kitenzi hiki. Inaonyesha wenzi wake mmoja mmoja pamoja na Kiswahili cha kila mmoja. Ifungueni, msome ingizo lote hadi mwisho. Na mwanafunzi akisimama darasani kuuliza "take" maana yake nini, mwalimu, usimjibu bado. Mwambie asome sentensi nzima kwa sauti, kisha umuulize sisi hapa tungesemaje.